Nukta za Penseli

Wauguzi wa wodi ya wanawake walimwita Mzee Mstari, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Alikuwa karani wa rejista, mtu wa miaka hamsini na sita, mwembamba, mwenye shati lililonyooshwa hata siku ambazo umeme umekatika tangu jana yake. Hakuwahi kuandika neno kabla ya kupiga mstari kwa rula. Walimtania kwamba hata nywele zake, zile chache zilizosalia, alizigawa kwa rula kabla ya kutoka nyumbani. Yeye alicheka kwa pua tu, akaendelea na kazi.

Meza yake ilikuwa kati ya mlango wa wodi na stoo ya mashuka, chini ya dirisha moja lisilofunga vizuri. Nyuma yake palikuwa na kabati la chuma lenye rejista sita kubwa za majalada meusi. Kila mwanamke aliyelazwa aliandikwa humo: namba, jina, umri, mtaa anakoishi, maradhi, matokeo. Kwa aliyepoteza mimba kulikuwa na safu moja zaidi, ya herufi. A ilikuwa mimba iliyoharibika yenyewe. B ilikuwa mimba iliyotolewa. Sheria ya nchi ilisema kutoa mimba ni jinai, kwa mwanamke mwenyewe na kwa aliyemsaidia, na kila B ilipaswa kufika polisi, na jina lake, kabla ya wiki kwisha.

Kwa miaka kumi na mmoja hapakuwa na B hata moja katika vitabu vile.

Madaktari walikuja na kuondoka, na kila mmoja alijifunza haraka kuiacha safu ile tupu. "Mzee atajaza," walisema, wakaenda kunawa mikono. Kila aliyetembea kwenye korido ile alijua, na kila mmoja alishukuru kwamba hakuwa yeye aliyeshika kalamu. Ndivyo watu wenye elimu wanavyoitupa dhambi: wanamwachia mtu wa mshahara mdogo.

Ieleweke vizuri kwamba Mzee Mstari hakuwa mtetezi wa utoaji mimba. Aliamini ni kuua, aliamini hivyo tangu ujana wake, na imani hiyo haikuyumba hata siku moja. Jambo hilo lilimfika kwa njia nyingine. Mchana mmoja, miaka kumi na mmoja nyuma, shangazi mtu alimleta hospitali binti aliyekuwa amefungwa kanga mbili kiunoni, na zote mbili zilikuwa zimelowa. Karani aliinua macho amwulize jina, akakuta ni wa kwake. Alikuwa binti yake wa pekee, miaka kumi na saba, kidato cha tatu, ambaye asubuhi ile alikuwa amemmwagia maji ya kunawa na kumwambia, "Kazi njema, Baba."

Alipona. Daktari wa wakati ule alimwekea karani karatasi mezani, akamwuliza kwa sauti ya chini waandike nini. Mzee Mstari alipiga mstari kwa rula, akaandika jina la mwanawe kwa mwandiko wake mzuri, na kwenye safu akaweka A.

Siku mbili baadaye aliletwa binti wa mtu mwingine. Hapo ndipo tabia ya mtu huyu ilipoonekana, maana mwingine angeandika B akalala usingizi. Yeye alishika kalamu mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Kama wa kwake alistahili A, wa mwenzake kakosa nini? Akaandika A. Wa tatu naye A. Hakutaka kuwa mtu anayemficha wake na kuwatoa wa wenzake, na kwa sababu hiyo ya haki uongo mmoja ukageuka desturi ya wodi.

Lakini alikuwa karani. Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba kitabu cha kumbukumbu hakidanganyi. Ukikosea, unakata kwa mstari mmoja na kutia saini kando, ili kosa lenyewe libaki linasomeka. Kitabu cha uongo kilimkaa kooni. Basi akatafuta njia ya katikati, kama watu wa aina yake wanavyofanya. Kwa kila A ya uongo aliweka nukta moja ndogo ya penseli, mbele ya namba ya mgonjwa, mahali ambapo jicho lisilojua lingedhani ni uchafu wa karatasi. Hakumwambia mtu, hata Sista Mkuu aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo. Kila mwisho wa mwaka alizihesabu, akaikumbuka jumla kichwani, moyo ukatulia kidogo: ukweli upo, alijiambia, umelala tu.

Uongo huo haukukaa bure. Sista Mkuu alikuwa akiomba dawa za sindano za maambukizi makali na akiba ya damu ya wodi yenyewe, na kila mwaka jibu kutoka juu lilikuwa lilelile: mimba zinazoharibika zenyewe hazili dawa kiasi hicho, ama mnaziiba, ama mnazimwaga. Mgao ukapunguzwa mara mbili. Mwezi mmoja kabla ya mambo haya kutokea, muuza mboga wa miaka ishirini na miwili alikufa kitanda cha nne saa nane mchana, wakati dereva wa hospitali akiwa bado njiani kufuata damu mji wa pili. Mzee Mstari alimwandika. Alipoweka nukta yake, aliona kwamba yeye naye alikuwa miongoni mwa waliomnyima yule binti damu.

Ndipo ikaja kamati ya wabunge. Ilikuwa inazunguka miji kukusanya maoni kama sheria ilegezwe, mwanamke aruhusiwe kutoa mimba hospitalini, au ibaki ilivyo. Mji ukagawanyika hata kwenye foleni ya maji. Mke wa Mzee Mstari alimwambia mumewe akae mbali na ukumbi ule, kwani watu wanaokwenda kusema huko hawajawahi kubadilisha shuka la mgonjwa. Yeye alijibu kwamba hatakwenda kutoa maoni. Atakwenda kutoa hesabu, na hesabu haina upande.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mhubiri mmoja mwenye sauti nzuri alisimama, akasoma kutoka ripoti ya hospitali kwamba katika mji huu, kwa miaka kumi na mmoja, haijatolewa mimba hata moja. Akauliza sheria mpya ni ya kumtibu nani. Watu wakampigia makofi. Wakili wa kike aliyetoka mji mkuu alimjibu kwamba ripoti ile ni ya kuchekesha, akaulizwa ushahidi, akawa hana. Mzee Mstari aliinua mkono kama mwanafunzi, akasubiri aruhusiwe, akaja mbele.

Alisema jina la kazi yake na miaka yake kazini. Alisema ile sifuri ni ya uongo, na aliyeiandika ni yeye. Wanawake waliotoa mimba wakaletwa wodini ni mia nne na kumi na mbili, na katika hao kumi na tisa wamekufa.

Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye miwani kwenye paji la uso, alimwuliza kwa upole, "Umeijuaje hesabu kamili hivyo, mzee wangu?"

"Nimeweka alama."

"Alama gani?"

"Nukta ya penseli. Mbele ya namba ya mgonjwa."

"Kwa kila mmoja?"

"Kila mmoja, mheshimiwa."

Mwandishi wa kamati aliandika. Mzee Mstari alirudi kitini amepungukiwa na mzigo, akijihisi mwepesi kama mtu aliyetoka homa. Kwa muda wa kama dakika tatu alikuwa mtu mwenye furaha. Kisha alimtafuta Sista Mkuu kwa macho, na Sista Mkuu alikuwa anaangalia sakafu.

Alimkuta nje, penye ngazi. Sista hakugomba. Alimshika kola, akaiweka sawa, kama mtu anayemwandaa maiti, akasema, "Umewapanga mstari, mzee mwenzangu. Wote mia nne. Sasa kazi iliyobaki ni kuwaita majina tu."

Mzee Mstari alikuwa amefikiria hesabu. Hakuwa amefikiria kwamba nukta ni kidole. Mtu aliyeficha wanawake mia nne kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameacha, kwa ajili ya usafi wa moyo wake, ufunguo wa kuwatoa mafichoni, na alipoulizwa uko wapi, aliutoa kwa heshima zote.

Barua ilifika kesho yake, Ijumaa: rejista zote sita zitachukuliwa Jumatatu asubuhi.

Jioni ileile, jua likiwa bado halijazama, binti yake alikuja nyumbani. Alikuwa sasa na miaka ishirini na minane, fundi cherehani mwenye kibanda chake, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Mume wake hakujua lolote la mwaka ule. Aliingia na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akakaa kwenye kigoda, akamwuliza baba yake kama na yeye ana nukta.

"Unayo, mama," alisema Mzee Mstari. Alimwita mama tangu alipozaliwa. "Wewe ndiye wa kwanza."

"Ukaniwekea hata mimi."

"Nisingeweza kuwawekea wengine nikakuacha wewe."

Binti alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Baba, watu wengine wana baba mwizi, mlevi, na wanalindwa. Mimi nimepewa baba mwenye haki."

Mzee alimwambia kwamba kesho Jumamosi ataingia ofisini, atazifuta.

"Mimi sikukuomba uniandike," alisema binti, "wala sikuombi unifute. Fanya unavyojua. Ila yule bwana nyumbani akijua, watoto sitawaona tena. Hilo ndilo nililokuja kukwambia, usije ukasema hukujua." Akasimama, akaenda jikoni kumwamkia mama yake kama vile amekuja kusalimia tu.

Jumamosi Mzee Mstari alifungua ofisi saa mbili asubuhi, mfukoni akiwa na raba mpya. Alianza na kitabu cha kwanza, ukurasa wa tisa, mstari wa binti yake. Nukta iliondoka kwa urahisi. Alifuta ya pili, ya tatu, mpaka arobaini hivi, akiyapuliza mavumbi ya raba kando. Halafu akainua ukurasa dirishani kuhakikisha. Karatasi zilikuwa za zamani, na mkono wake siku zote ulikuwa mzito. Pale palipofutwa palikuwa pamekonda, panang'aa, na katikati ya kila king'ao kulikuwa na shimo dogo ambalo ncha ya penseli ilikuwa imelichimba. Mashimo hayo yalionekana vizuri kuliko nukta zenyewe.

Sista Mkuu alikuja na chai, akatazama, akaelewa. Alisema, kwa namna ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba nyaya za jengo hili ni mbovu, na kwamba moto umewahi kutokea kwenye majengo bora kuliko hili. Mzee alitikisa kichwa. Wodi ilikuwa na wagonjwa kumi na wanane upande wa pili wa ukuta. Na hata bila hao, vitabu havikuwa vyake.

Kisha likamjia wazo ambalo lilimfanya asimame. Hakuwa na haja ya kufuta. Angeongeza. Angeweka nukta kwenye kila mstari, kwa kila mwanamke aliyewahi kupoteza mimba kwenye wodi ile, kweli na uongo, elfu moja na mia tatu wote. Wakiwa wote wana nukta, nani atamjua nani? Sista Mkuu alivuta kiti, akachonga penseli mbili kwa wembe, akamsogezea moja. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alikuwa anatabasamu.

Mzee alifungua kitabu cha pili, akaweka ncha mbele ya namba ya mgonjwa wa kwanza asiye na nukta. Alimkumbuka. Mwalimu wa shule ya msingi, aliyepoteza mimba tatu mfululizo, na ile ya tatu alikuwa amekaa pale kwenye benchi la korido, ameshika viatu vidogo alivyovinunua mapema, hataki kuviachia. Akiwekewa nukta, naye ataitwa. Atakaa mbele ya askari aulizwe aliwauaje.

Aliinua ncha kutoka kwenye karatasi.

"Weka, mzee," alisema Sista Mkuu.

"Huyu hakufanya."

"Najua hakufanya. Weka. Hawawezi kuwafunga elfu na mia tatu."

"Wanaweza kuwauliza elfu na mia tatu."

Sista alimwambia kwamba binti yake yumo mle. Alimjibu kwamba anajua. Hakuweza kuwavika wasio na hatia shati la wengine, hata kwa kuwaokoa hao wengine, hata kwa kumwokoa wake. Aliilaza penseli. Sista Mkuu alinyanyuka, akakusanya vikombe, na kuanzia siku ile hakumwita tena mzee mwenzangu, alimwita karani.

Mtu atauliza kama alifanya vyema. Hakuna jibu zuri. Angeweka nukta zile, angekuwa amewatesa wasio na kosa. Hakuziweka, akawatoa waliomwamini. Miaka kumi na mmoja kabla yake palikuwa na mlango wa tatu, pengine, lakini mwenyewe alikuwa ameufunga kwa penseli yake.

Jumatatu aliwakabidhi vitabu, akahesabu mbele yao, sita, akatia saini.

Hesabu yake ikawa ya kila mtu. Wakili aliisoma redioni kuonyesha kwamba sheria inaua. Mhubiri aliisoma kwenye mimbari yake kuonyesha kwamba mji umejaa damu na sheria inahitaji meno. Wote walisema mia nne na kumi na mbili, na hakuna aliyekosea. Baada ya miezi minne kamati ilipendekeza jambo hilo lifanyiwe uchunguzi zaidi, na sheria ikabaki kama ilivyokuwa. Dawa hazikuongezwa. Kilichobadilika ni kwamba polisi walianza kuita wanawake, kuanzia kitabu cha karibuni kurudi nyuma, na habari ikafika kila uani kwamba hospitali ina kitabu cha kukufunga. Vitanda vya upande ule vikabaki na mashuka yaliyotandikwa. Mmoja aliletwa kwenye toroli amekwisha kuwa baridi miguu. Dada yake alipoulizwa kwa nini walikaa naye siku tano, alimnyooshea kidevu karani.

Kitabu cha kwanza kilifikiwa mwezi wa saba. Waliitwa wote wawili, binti kama mtuhumiwa na baba kama shahidi wa mwandiko. Chumba kilikuwa na meza moja, viti vitatu na kalenda ya mwaka uliopita. Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliwaamkia kabla ya kukaa. Alifungua ukurasa wa tisa, akaugeuza kuelekea kwa mzee.

"Mwandiko huu ni wako, baba?"

"Ni wangu."

"Hapa palikuwa na nukta. Pamefutwa. Uliiweka wewe?"

Mzee Mstari alimtazama binti yake. Alikuwa amevaa gauni lake la heshima, mikono juu ya mapaja, anatazama kalenda. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mume wake alipouona wito wa polisi, akawapeleka watoto kwa mama yake yeye, akabadilisha na kufuli la mlango.

"Hapana," alisema. Sauti ilitoka ngeni, kama ya mtu mwingine aliyeko chumbani. "Hiyo ni uchafu wa karatasi. Kwa mstari huu sikuweka alama. Huyu mimba yake iliharibika yenyewe. Mimi ni baba yake, ningejua."

Askari hakukasirika. Alitoa karatasi iliyopigwa chapa, akatafuta mstari kwa kidole, akasoma polepole maswali ya mwenyekiti na majibu ya karani, mpaka pale alipoulizwa kama ni kwa kila mmoja. Hakusoma jibu. Aligeuza karatasi ili mzee alisome mwenyewe.

Kwa maisha yake yote mtu huyu alikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu waliweza kukichukua kwake bila kukikagua, nacho ni neno lake. Alikuwa amelitumia lote siku ile ukumbini. Leo alipolihitaji kwa ajili ya mtoto wake, halikununua kitu.

"Nikuandikie kwamba umekana, baba?" aliuliza askari. "Au tuache tu?"

"Mwache," alisema binti. "Amechoka." Akamgeukia baba yake, akatoa funguo kwenye mkoba. "Baba, kibandani kuna sare sita za shule mezani. Zimebaki vifungo. Wenyewe wanazifuata Ijumaa. Mpelekee yule fundi wa duka la pili, mwambie vifungo viko kwenye kopo la maziwa."

Mzee alipokea funguo.

"Vya bluu," alisema binti. "Siyo vyeupe."

Askari alimfungulia mzee mlango.